Ua la Krismasi Chini ya Ndoo

Kerubo alikuwa na ugomvi na taa. Chumba chao cha mtaa wa Najma, huko ughaibuni, kilikuwa cha wasichana watatu, kila mmoja na saa zake, na taa ya chumba kama hicho, jamani, nani huizima? Nalo ua la Krismasi halitaki mwanga wa usiku. Mtunza bustani wa hoteli anakofanya usafi Kerubo ndiye aliyemwambia: miezi hii jua linapowahi kuzama, lifunike tangu magharibi hadi asubuhi, lisione hata mwanga wa simu, ndipo majani ya juu yatageuka mekundu.

Basi kila jioni, kabla ya kwenda zamu, Kerubo alilifunika kwa ndoo nyeusi. Hakulitunza kwa ajili yake mwenyewe. Lilikuwa la Chelsea, aliyelala kitanda cha chini na saratani yake. Hospitali ilikuwa imemrudisha na dawa za maumivu tu, na ndege hazikukubali kumbeba. Siku moja alitaja uzio wa maua hayo kwao Nyamira, unavyowaka mwekundu kila Desemba, akalia. Kerubo akaapa kwamba Chelsea atayaona tena, hapohapo chumbani.

Desemba ikaingia, ua bado kijani kama sukuma wiki. Tena kila asubuhi akirudi anakuta ndoo iko kando, taa inawaka. Kikulacho ki nguoni mwako! Akamgeukia Velma, mwenzao wa tatu, ambaye huvaa sare zake za ulinzi jioni, akampa vidonge vyake vya maneno mpaka majirani wakagonga ukuta. Velma aliapa kwa kaburi la babake kwamba hajaigusa ndoo. Nani amwamini?

Jioni moja Kerubo akasahau kitambulisho cha kazi, akarudi mbio kutoka kituo cha basi. Velma alikuwa ameshaondoka. Chelsea, ambaye hata kugeuka ubavu alisaidiwa, alikuwa amepiga magoti sakafuni, ndoo mikononi, anahema.

“Kumbe ni wewe?”

“Nimelionea huruma, dada. Giza linanijia mimi. Hili limekosa nini?”

Kerubo alitaka kumweleza kwamba giza ndilo huliletea ua rangi yake. Badala yake alimwinua, mwepesi kama kapu tupu, akamlaza, akaipeleka ndoo bafuni.

“Halifunikwi tena,” akasema.

“Kwa hivyo litawahi Krismasi?”

“Litawahi,” Kerubo akamjibu, huku akijua fika kwamba halitawahi, wala Chelsea hataifikia hiyo Krismasi. Akachukua kitambulisho chake, akaenda kazini, taa akaiacha ikiwaka.