Milioni Moja na Moja

Chaki ilimvunjikia Darshana mkononi, akaendelea kuandika kwa kipande kilichobaki. Ukumbi ulikuwa kimya hata nikasikia mvua ikianza kudondoka juu ya mabati. Ubaoni palikuwa na namba moja tu: 1,000,001. Je, ni namba tasa, au kuna nyingine inayoigawanya?

Tulikuwa tumebaki wawili, na nafasi katika timu ya taifa ya hisabati ilikuwa moja. Mimi ningeweza kujaribu tena mwaka uliofuata. Darshana alikuwa anamaliza shule.

Na ni yeye aliyenifundisha. Kila Jumamosi nilishuka kutoka Tetu mpaka Nyeri mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, Mzee Vasant. Tulikaa nyuma, kati ya mabomba na makopo ya rangi. Nikikosea hakunicheka. Alisema tu, "Watiri, rudi nyuma hatua moja."

"Muda umekwisha," alisema Mwalimu Mutahi, mwamuzi mkuu. "Jibu?"

"999,999 inagawanyika kwa tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu." Darshana alizungumza haraka. "Hii imeizidi kwa mbili, kwa hivyo zote hizo zinaacha baki. Nyingine nimejaribu mpaka tisini na saba. Imekataa. Ni tasa."

Alikuwa amesimama mlangoni pa jibu, amebakiza tasa moja tu.

"Watiri, unakubali?"

Ningekubali, tungekuwa tumekosa wote wawili, tungepewa swali lingine, na huenda yeye angelipata. Mzee Vasant alikuwa safu ya pili, viganja amevibana katikati ya magoti. Darshana alinitazama kwa imani kabisa. Imani ile ndiyo iliyoniumiza.

"Sikubali."

Nilikwenda ubaoni. "Mia mara mia mara mia ni milioni. Ukijumlisha moja, lazima igawanyike kwa mia na moja." Nikaandika: 101 × 9,901.

Darshana alininyang'anya chaki. Akazidisha mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayeiomba hesabu ikatae. Chini ya mstari ikatokea 1,000,001. Akaiweka chaki taratibu, akampita baba yake, akatoka.

Jumamosi zilizofuata sikushuka mjini. Ningemwambia nini?

Siku ya safari ya timu, nikiwa stendi na mama, nilimwona Darshana akija peke yake, mikono mfukoni.

"Ile 9,901," alisema bila salamu. "Umeiangalia?"

"Bado."

"Ni tasa. Safari hii nimefika mpaka mwisho."

Sikujua kama nicheke au nilie. Gari likapiga honi. Darshana akainama, akashika mkono mmoja wa begi langu, akaningoja nishike wa pili.