Viti vya Nyuma ya Zahanati

Fundi makochi alikuwa na namna yake ya kunyamaza. Akiwa kazini alijaza misumari midogo mdomoni, akawa anausukuma mmoja mmoja kwa ulimi na kuugongelea. Mteja akiuliza kochi lake litakuwa tayari lini, fundi alijinyooshea kidole mdomoni, basi. Nani atamlazimisha kusema mtu mwenye misumari kinywani?

Aliyejibu ni mkewe. Miaka nenda miaka rudi mama wa watu alisimama mlangoni pa karakana akisema fundi ana homa, fundi kafiwa, fundi kaitwa na mjomba. Na fundi mwenyewe kalala nyuma ya sponji, kalewa chakari. Mwishowe mama alichoka. Hakugombana, hakuvunja sahani. Alikunja nguo zake ahamie kwa dada yake.

"Uongo umeniisha, baba watoto," alisema. "Hata shangazi yako aliye hai nimeshamzika mara mbili. Pale nyuma ya zahanati kuna watu wanakutana, wanasaidiana kuacha pombe. Nenda. Siku utakaposema kwa mdomo wako, mbele za watu, kwamba wewe ni mlevi, nipigie nirudi. Kabla ya hapo usinisumbue."

Kwenda alikwenda, ila kwa kuzungukazunguka. Mara ya kwanza aliishia dirisha la dawa, akaomba vidonge vya kichwa. Mara ya pili alimwuliza mfagiaji kwa kunong'ona, naye mfagiaji, Mungu amsamehe, akamwelekeza kwa sauti iliyosikika na foleni nzima. Fundi akageuza njia akarudi zake. Alipoingia hatimaye ni kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na kwa upenyo wake aliona viti.

Viti vilitia huruma. Vilikuwa vimetupwa na ofisi fulani, vitambaa vimechanika, sponji zinachungulia. Waliovikalia nao hali ilikuwa hiyohiyo: mwalimu, muuza mitumba, bibi mmoja mshonaji, na kiongozi wao, mzee waliyemwita Dereva ingawa leseni alinyang'anywa zamani.

"Fundi, una la kutuambia?" aliuliza Dereva.

"Leo nasikiliza tu, mzee. Ila hiki kiti, mkiniruhusu, nikishikeshike."

Ikawa ndiyo desturi. Kila walipokutana, fundi alijikalisha kwenye kona na kiti kimoja, misumari mdomoni, nyundo ameifunga kitambaa isisumbue. Wenzake walisema yao. Mwalimu alieleza alivyowasahau wanafunzi mtihanini. Fundi alisikia kila neno, na mengi yalikuwa yake. Pombe alikuwa ameiacha, lakini kuiacha kulimchosha kuliko kuinywa. Alirudi nyumba tupu, akalala na viatu, akaamka kachoka vilevile. Kila siku alijiambia atasema wakutanapo tena.

Kisha viti vikaisha. Fundi aliangaza chumba kizima, asione hata uzi uliolegea. Watu walikaa wima kama wakwe. Wakikutana tena hatakuwa na kazi ya kumficha, na hofu ikamshika kweli kweli.

Siku ilipofika, aliwahi kabla ya wote. Akachomoa kisu chake, akakipasua kiti kimoja toka ncha hii hadi ile. Halafu akajaza misumari mdomoni, akasubiri.

Dereva alipoingia na wenzake, alikiona mara moja. Akapitisha kidole kwenye mkato.

"Hiki hakikuchakaa," alisema. "Kimekatwa. Nani kafanya hivi?"

Kisha muuza mitumba akainamisha kichwa.

"Itakuwa mimi," alisema. "Jana nilianguka tena. Nakumbuka nilipita hapa zahanati, nimelewa, nina hasira. Mengine sikumbuki. Nisameheni jamani, itakuwa mimi tu."

Hakuna aliyeshangaa. Watu wale wote waliwahi kuomba radhi kwa mambo wasiyoyakumbuka. Bibi mshonaji akamshika bega. Yule bwana akaanza kulia, analilia kosa ambalo si lake, na fundi akiwa hatua chache tu kutoka kwake, mdomo umejaa chuma. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akilini alimwona mkewe pale mlangoni pa karakana, akimbebea uongo wake.

Akaitema misumari kiganjani.

"Si wewe, ndugu yangu. Nimekikata mimi, leo hii, nikiwa mkavu kabisa, sijaonja hata tone."

"Kwa nini?" aliuliza Dereva.

"Viti vimeisha, mzee. Nisingekuwa na pa kujifichia. Mimi ni mlevi. Mke wangu kanisemea uongo mpaka kachoka, na mimi nimechoka."

Hawakumpigia makofi. Dereva alisema tu, "Asante, fundi. Kaa." Kiti kilichobaki kilikuwa kile kilichopasuka, akakikalia.

Walipotawanyika alipiga simu, amesimama kando ya ukuta wa zahanati.

"Nimesema," alimwambia mkewe.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Yule mteja wa kochi la kona ananipigia tangu asubuhi," mkewe alisema kwa sauti ya uchovu. "Nimwambie nini?"

"Mwambie anipigie mimi. Nitamweleza mwenyewe kwamba nililewa."

Akamsikia akishusha pumzi, ndefu, kama mtu anayetua ndoo.

"Haya," alisema. "Shangazi yako nitawaambia kafufuka."