Jani la Isale la Eliona

Nilikata jani la isale uani kabla sijamkamua ng'ombe. Kwetu Machame, ukimpelekea mtu isale umemwomba radhi, naye hawezi kuikataa. Mwalimu Aminieli alikuwa amemteremsha mjukuu wangu Eliona kutoka darasa la nne hadi la kwanza, mpaka mkubwa wake aje kuomba radhi kwa kiburi cha mtoto.

Kiburi chenyewe ni hiki. Jumapili Eliona alisimama kanisani akaitoa kwa kichwa Zaburi ya ishirini na tatu yote, hakukosea. Jumatatu mwalimu akamfungulia kitabu, mtoto akakwama mstari wa kwanza.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akaniamkia nilipofika shuleni.

"Marahaba, baba."

"Huyu ananidharau. Kanisani anatiririka, kwangu anajifanya bubu!"

"Hajifanyi. Zaburi nilimsomea mimi, jikoni. Akisikia anashika. Akitazama maandishi anasema herufi hazitulii. Na macho yamepimwa, ni mazima."

"Uvivu huo. Mbona wenzake wanasoma?"

"Umewahi kumsomea swali ukasikia anavyojibu?"

"Bibi, wewe uliishia la saba. Ualimu niachie."

Nikalimeza neno hilo. Nilikuja kwa amani. Nikaomba tu kumwona mtoto.

Alikuwa amekaa na vitoto vya darasa la kwanza, magoti yamemfika kidevuni. Shingoni amening'inizwa kipande cha boksi kilichoandikwa MVIVU.

"Bibi," akaninong'oneza, "hapa wameandika nini? Wananicheka tu."

Mungu anisamehe, damu ilinipanda. Unamtundika mtoto tusi shingoni, na hata kulisoma hawezi! Nililivua, nikamshika mkono mpaka darasa la nne, nikaketi naye kwenye dawati. Mwalimu akatufuata akifoka.

Nikamkabidhi jani.

"Ndiyo hivyo, bibi," akasema, akilipokea. "Yaishe."

"Si lako. Mpe yeye."



"Mimi? Nimwombe radhi mtoto?"

"Mbele ya hawa wenzake wa darasa la nne. Na hatoki darasa hili. Haya, msomee swali."

Alitazama mlangoni, walimu wenzake walikwisha kujaa. Akasoma swali la sayansi: maji yakichemka hugeuka nini? Eliona akajibu mvuke, akaeleza na jinsi unavyorudi kuwa matone kwenye mfuniko wa sufuria. Akasomewa la pili, akajibu. La tatu, akajibu.

"Basi, abaki," mwalimu akasema, akageukia ubao.

Jani bado lilikuwa mkononi mwake.

"Baba," nikamwambia, "hujampa."