Njuga za Swalehe

Tangu Swalehe ajue kutembea, mama yake, Mwamini, hakukaa akakalika. Akiinama kuchochea moto, mtoto keshaingiza mkono kwenye mtungi wa maji mpaka kwapani. Akigeuka kumfuta, mtoto keshafika bandani, anagombania pumba na kuku. Neno alilolijua sawasawa lilikuwa moja tu, "sitaki", na alilitumia kwa uji, kwa kuoga, kwa usingizi, hata kwa kitu kilekile alichokuwa akikililia.

Ndipo Mwamini alipokwenda kwa baba yake, aliyekuwa mchezaji ngoma hodari enzi za ujana wake, akamwomba njuga. Akazitunga kwenye uzi wa katani, akamfunga mtoto kwenye kifundo cha mguu. Kuanzia hapo mikono ilifanya kazi na masikio yakalea. Cheke, cheke, cheke: yuko kwenye majivu. Cheke, halafu kimya: amekaa chini, anatia kitu kinywani, kimbia. Njuga zikienda mbio: ameokota kisu.

"Wifi, umezaa mtoto au umenunua mbuzi mnadani?" Fatu, dada wa mumewe, alimwuliza. Mashamba yao yalipakana, na ulimi wa Fatu haukujua mpaka.

"Afadhali mbuzi, ukimfunga anatulia. Mchukue huyu, mimi unipe mbuzi."

"Thubutu! Togwa yangu aliyoimwaga juzi sijaisahau."

Jioni tu ndipo Mwamini alipopumua. Alimpigia mtoto makofi mlangoni, pa-pa, pa, pa-pa, pa, naye Swalehe akasimama palepale akikanyaga chini kwa mguu wenye njuga, uso ameukunja kama mtu mwenye shughuli kubwa. Ukikosea pigo, anaacha, anakutazama kwa dharau.

Ulikuwa mwaka wa arobaini na tisa, na Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wanafyeka msitu wa Nachingwea. Shaban, mumewe, alikuwa huko huko kwenye kambi, akipasua magogo. Matingatinga yalisikika kwa mbali kama ngurumo ya mvua isiyonyesha, na kila wiki ngurumo ilisogea. Mwamini aliichukia. Ikizidi, alijikuta ameacha kazi, ameinua shingo, anatafuta kwa sikio sauti ndogo iliyokuwa yake.

Asubuhi moja alikuwa anakata ufuta. Ufuta hausubiri mtu. Ukiuchelewesha, maganda yanapasuka yenyewe, mbegu zinamwagikia sisimizi. Swalehe alikuwa kando ya matita, anapiga kibuyu kitupu kwa kijiti. Cheke, cheke.

Ghafla tingatinga likatokeza juu ya kilima, likaanza kusukuma miti kwenye mpaka wa shamba. Kelele ilijaa kila mahali. Mwamini aliendelea kukata, lakini sasa ilibidi macho yasaidie: shika, kata, weka, tazama. Mtoto yupo. Shika, kata, weka, tazama. Yupo. Kisha tita moja likamfunguka, akainama kulifunga upya, na alipotazama tena, kibuyu kilikuwa peke yake.

"Fatu! Mtoto!"

Fatu, aliyekuwa shambani kwake, aliweka kiganja sikioni. "Nini?"

"Mtoto! Simwoni!"

Fatu alitupa kisu, akaonyesha kidole upande wa kisima, akakimbilia huko. Mwamini alizunguka matita, akaingia mihogoni, akatoka. Alisimama asikilize, asisikie kitu ila chuma kikinguruma na miti ikivunjika. Akatimua mbio kuelekea kwenye tingatinga, akasimama mbele ya bapa lake la chuma, mikono ameitanua.

Dereva, kijana wa Mnero aliyeitwa Selestini, alilisimamisha kwa kishindo. Vumbi lilikuwa limempaka uso mzima.

"Mama wewe, umechoka kuishi?"

"Zima!"

"Nini?"

"Zima hilo dude! Mwanangu ana njuga mguuni, simsikii!"

"Nikizima haliwaki tena! Betri mbovu, mpaka lije jingine lilivute. Msimamizi atanifukuza leo leo! Wewe mtafute, dada, mimi nakungoja."

"Nimtafuteje? Nakwambia nataka kusikia!"

Selestini alitikisa kichwa. Mwamini akaketi chini, mgongo akauegemeza kwenye bapa.

"Basi nipitie," alisema.

Kijana alimtazama, akatazama njia iendayo kambini, akatazama tena chini. Akazima.

Kimya kilikuja kizito. Mwamini alisikia damu ikimgonga masikioni, kisha upepo kwenye ufuta. Njuga hakuzisikia.

"Swalehe! Swalehe, mwanangu!"

Lini Swalehe aliwahi kuitika alipoitwa? Mwamini alisimama, akainua mikono, akapiga makofi. Kwa haraka pigo likaharibika. Aliacha. Akavuta pumzi, akaanza upya, polepole, sawasawa, kama jioni mlangoni. Pa-pa, pa. Pa-pa, pa. Selestini alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Cheke.

"Piga tena," Selestini alinong'ona, tayari ameruka chini.

Pa-pa, pa.

Cheke.

Ilitoka ndani ya mti ulioangushwa muda si mrefu, uliolala na matawi yake yote mbele ya bapa. Walivunja matawi, wakapasua majani. Swalehe alikuwa ameketi ndani kama aliye nyumbani kwake, kazungukwa na mabungo mabivu yaliyoanguka na mti, kidevu chote kinachuruzika maji ya njano.

"Sitaki," alisema mama yake alipomnyanyua.

Selestini aliketi juu ya mnyororo wa tingatinga, mikono kichwani. "Mti huu ndio niliokuwa naufuata niusukume, dada. Ningegeuza tu, halafu huu."

Fatu alifika mbio, kanga imelowa mpaka magotini, analia. Alimpokonya mtoto. "Mbuzi wangu! Mbuzi wangu jamani!"

Upande wa kambi vumbi lilikuwa linapanda. Gari la msimamizi.

"Nendeni," Selestini alisema. "Haya yaliyobaki ni yangu."

"Twende, wifi, Mzungu asitukute hapa."

"Siendi," Mwamini alisema. "Akitaka kujua kwa nini limezimwa, ataonyeshwa."

"Kizungu chenyewe unakijua?"

"Njuga zina Kizungu? Atazisikia."

Swalehe alikuwa ameshajipapatua mikononi mwa shangazi yake. Alifika chini, akaelekea moja kwa moja kwenye minyororo ya tingatinga. Cheke, cheke, cheke. Katika kimya kile Mwamini alizisikia njuga zote. Hata hivyo alimfuata kwa macho, hatua baada ya hatua, gari likiwa linakaribia.