Eladio Aja Kuonyesha Alipolala

Ninfa Mosquera alikuwa gatini akipara samaki wa mchana wakati Eladio, mumewe, alipotokea mtoni. Alikuja kwa miguu, akipandisha mkondo, maji yakimfika magotini mahali ambapo upondo wa mtumbwi haugusi chini.

Watu wenye bunduki walikuwa wamemchukua kanisani miaka mitano nyuma, katikati ya mahubiri yake, kwa kuwa aliwaambia majirani wasiuze ardhi yao. Tangu hapo Ninfa ndiye aliyeongoza sala za Jumapili. Ila Kanuni ya Imani ilipofika kwenye ufufuko wa wafu, alikuwa akikohoa, wengine wakamalizia.

"Umekonda," alimwambia.

"Udongo wa kule ni mbaya."

"Umefufuka?"

"Bado, mke wangu. Foleni ndefu. Nimepewa ruhusa tu nije niwaonyeshe nilipo. Rozari zako hazituachi tulale."

Práxedes, jirani yao, alikuwa akifua karibu. "Shemeji, miaka yote hiyo na unakuja mikono mitupu?"

"Walinivua mpaka viatu, shemeji. Ningebeba nini?"

Ninfa alimkaangia ndizi. Eladio alizinusa tu, akasema zinatosha. Kisha wakachukua majembe na shuka safi, wakamfuata, kijiji karibu kizima.

Aliwapeleka ng'ambo ya pili, kwenye shamba la michikichi la Don Gildardo. Don Gildardo mwenyewe alikuwa barazani akinywa kahawa. Alimtambua mara moja.

"Eladio. Siku nyingi."

"Siku nyingi, Don Gildardo. Nimekuja kujichukua."

"Mstari wa nne, karibu na mfereji. Msiniharibie mizizi."

Walichimba pale. Eladio alisimama kando akiwaelekeza, kushoto kidogo, polepole hapo, hicho ni kidole. Ninfa aliokota mifupa mmoja mmoja akaipangusa kwa upindo wa gauni lake. Alikuwa amejiandaa kulia tangu miaka mitano ile, lakini alichosikia ni mabega yake kushuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Ofisa wa polisi alikuja na mashua siku iliyofuata. Alimsikiliza Eladio kwa adabu akitaja waliompiga risasi na aliyewatuma. Kisha akaeleza kwamba sheria haipokei ushahidi wa marehemu, na waliobaki hai hawakuona kitu. Aliondoka na ndoo ya mafuta ya mawese, zawadi ya Don Gildardo.

"Inakuuma?" Ninfa alimuuliza mumewe.

"Iliniuma sana mwanzoni. Sasa namwachia Mwenye kesi. Yeye hapokei mafuta."

Walimzika Jumapili. Eladio alibeba jeneza lake pamoja na wanaume watano, akaimba nje ya sauti kama alivyoimba maisha yake yote. Ninfa aliongoza Kanuni ya Imani mpaka mwisho bila kukohoa. Walipoanza kufukia, Eladio alimshika shavu, akamwambia ale, alale, asimwekee tena sahani. Jeneza lilipofunikwa lote, hakuwepo.

Usiku ule Ninfa alilala usingizi mzito. Alipoamka jua lilikuwa limeshapanda, na gatini mitumbwi ilikuwa imejaa wanawake kutoka vijiji vya juu. Wengine walibeba picha za waume, wengine za wana. Eladio alikuwa ameacha neno kwamba mstari wa nne haukuwa wake peke yake, wala mstari wa nne haukuwa peke yake.

"Wangu atachelewa," mmoja alisema akishuka. "Huyo hata akiwa hai kumwamsha ilikuwa kazi."

Wanawake walicheka, Ninfa pia. Ng'ambo ya pili wafanyakazi wa Don Gildardo walikuwa wakikata mikungu ya chikichi na kuipakia kwenye malori. Ninfa aliteleka sufuria kubwa ya kahawa, akawapisha wageni kwenye benchi, wakaanza rozari wakitazama mto.