Mbegu Kwenye Vumbi

Dalili ya mvua si mawingu. Hivyo ndivyo Dolphine alivyomwambia mama mkwe wake Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Machi, wakiwa wamesimama wawili nyuma ya jiko. Mama mkwe alikuwa amenyoosha kidole kuelekea vilima vya Gwasi, ambako hakukuwa na wingu hata la kufutia kamasi.

"Hakuna kitu kule," mama mkwe alisema. "Unanihimiza nipande nini?"

"Mwaka jana mawingu yalikaa juu ya vilima siku tisa, Mama. Tulipata nini?"

Mama Dorsila, mama mkwe huyo, aliteremsha kidole. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na miwili, mtu wa maneno machache, na ndiye mwenye boma. Katika boma la Wajaluo kama lile, mwenye boma ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini. Baada yake hufuata mke wa mwana mkubwa, kisha mke wa mwana wa pili, mpaka zamu iishe. Anayemruka mwenye boma huleta chira, ule mkosi unaoingia nyumbani na kumkondesha mtu mpaka afe. Dolphine alizaliwa Migori mjini na wazazi Wakisii wauza ndizi, akaolewa huku Lambwe na Fanuel, mwana wa pili. Bomani waliacha jina lake mlangoni siku aliyoingia, wakamwita Nyar Kisii, binti wa Kisii. Miaka minne ilitosha kuujua mwiko huo mwanzo hadi mwisho.

Ugomvi haukuwa juu ya mwiko. Ulikuwa juu ya udongo. Shamba la Mama Dorsila lilikuwa juu, kwenye udongo mwekundu unaokunywa maji na kukauka kesho yake. La Dolphine lilikuwa bondeni, karibu na uzio wa mbuga ya Ruma, kwenye udongo mweusi. Wakati wa kiangazi udongo ule hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mvua ikinyesha mara mbili tu hugeuka gundi, na jembe la ng'ombe halipiti tena. Miaka mitatu mfululizo Dolphine alingoja zamu yake, na miaka yote mitatu zamu ilimfikia matope yakiwa magotini. Alipanda Aprili ikiisha. Mahindi yakatoa ndevu jua likiwa limerudi, magunzi yakatoka kama meno ya kizee. Mwaka huu alitaka kulisha watoto wake wawili kutoka shamba lake, asiende tena na debe mlangoni kwa mkwe. Hakuwa na haja nyingine.

Utabiri ulimfikia kwenye simu, umetumwa na afisa wa kilimo wa wadi. Masika yangeanza kati ya tarehe nane na kumi na nne. Yangeanza kwa kishindo, yapumzike wiki mbili, halafu yakatike mapema, Mei ikiwa bado changa. Wenye udongo mweusi walishauriwa wapande kwenye vumbi, kabla tone la kwanza halijaanguka. Dolphine alikuwa na diploma ya kilimo iliyofungiwa kwenye sanduku kwa kukosa ajira. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Basi panda shimo moja tu, Mama. Utufungulie njia. Wewe uko juu, unaweza kungoja. Mimi na Emmah, tulio bondeni, hatuwezi."

"Shimo moja ni la kuzikia panya," Mama Dorsila alisema. "Nitapanda ikishanyesha mara tatu. Ndivyo alivyofanya mama mkwe wangu."

"Naye alikuwa na shamba juu."

"Nyar Kisii, una mdomo wewe."

"Ninao, Mama. Ndio huo ninaotaka kuulisha."

Alimwendea Emmah, mke wa Sammy, mwana mkubwa. Shamba la Emmah lilipakana na lake hukohuko bondeni. Emmah alikuwa uani akichambua omena, dagaa wa ziwani. Alimsikiliza hadi mwisho, akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mke mwenzangu, mimi shida ninazo za kutosha. Chira nitaiweka wapi? Wewe tangulia. Ukifa nitajua si vizuri."

"Na nisipokufa?"

"Utakuwa umechelewa kufa tu."

Jumatano Dolphine alipanda. Hakungoja giza wala hakungoja watu waende sokoni. Alimchukua jirani yake Metrine, wakaingia shambani saa mbili asubuhi, kila mtu akiona. Metrine alichimba, yeye akatia mbegu mbilimbili na kufukia kwa unyayo. Mashimo waliyachimba kina cha kidole kizima, ili manyunyu ya kupita yasiihadae mbegu ikaamka kabla ya wakati. Vumbi liliwajaa puani. Kufikia adhuhuri walikuwa na kope za kijivu kama watu waliotoka kusaga unga.

"Mama mkwe wako anatuona," Metrine alisema bila kuinua uso.

"Namshukuru Mungu, macho bado anayo."

Kweli Mama Dorsila alikuwa amesimama kando ya ghala, huko juu. Alisimama muda mrefu. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana. Dolphine aliuona mlango ukifungwa. Akaendelea na mstari wake.

Jumapili tarehe kumi mvua ilikuja. Haikupiga hodi kwa mawingu ya asubuhi. Ilitoka upande wa ziwa alasiri, ikanyesha siku nne kama mtu anayelipiza kisasi. Siku ya tano Mama Dorsila alitoka miguu mitupu na kikapu chake, akapanda mstari wa kwanza kule juu kwa utaratibu wote, manyunyu ya mwisho yakimpiga mgongoni. Kesho yake Emmah aliteremka bondeni na jembe. Alipiga hatua sita. Hatua ya saba iliacha kandambili ndani ya tope, na ya nane ikamwacha Emmah mwenyewe ameketi. Alirudi nyumbani na jembe lisilo na kazi, akapita mbele ya nyumba ya Dolphine bila salamu.

Mahindi ya Dolphine yalichomoza. Hayakuchomoza yote. Kanga wa mbugani walipenya chini ya uzio wakafukua mistari mizima, na theluthi ya shamba ikabaki mapengo. Theluthi mbili zilisimama kijani, na mtu aliyekuwa barabarani aliziona.

Wiki hiyohiyo Mama Dorsila alishikwa na homa. Zahanatini walimchoma sindano za malaria. Boma lilikuwa na jina lake lenyewe kwa ugonjwa ule: chira.

Fanuel alipiga simu kutoka kisiwa cha Remba, alikokuwa akivua omena. "Mwombe Mama msamaha, yaishe. Ni neno moja tu."

"Basi njoo ulitamke wewe."

"Nyar Kisii, omena inatoka vizuri wiki hii. Siwezi kuondoka."

"Basi mwambie omena aje aombe."

Kikao kiliitwa Jumapili. Mama Dorsila alikuwa amepata nafuu, ameketi kitini na leso mabegani. Sammy, kama mwana mkubwa, alizungumza kwa niaba ya boma, na hakupaza sauti.

"Shemeji, hatukufukuzi. Utaleta kuku, utapiga magoti, utasema umekosa. Mahindi yako yatabaki. Usiposema, kesho tutapitisha ng'ombe juu yake, na utapanda upya kwa zamu yako."

"Nipande lini? Emmah mwenyewe hajaingia shambani."

Emmah aliangalia kucha zake.

Ndipo Mama Dorsila akasema. "Utabiri niliusikia, Nyar Kisii. Redio ninayo. Sikukataa kwa sababu ya mvua." Alivuta pumzi, homa ilikuwa bado kifuani. "Mtoto akipanda kabla yangu, anawaambia majirani boma hili halina mama. Siku ile ulinizika. Nilikuwa nimesimama pale pale, unaniona."

Dolphine aliyaruhusu maneno yale yamwingie, kwa kuwa yalikuwa kweli. Angeweza kuyapunguza. Angeweza kusema hakukusudia, akaita yale kuteleza, akapiga magoti nusu. Mahindi yake yangepona hadi Julai. Lakini mwakani Machi ingefika tena, na udongo ungekuwa uleule, naye angekuwa amekiri mbele ya boma zima kwamba kuijua ardhi yake ni kosa.

"Nilikuona, Mama," alisema. "Nilijua kwamba itakuuma, nikapanda. Ukiumwa tena nitakupeleka zahanati mimi mwenyewe. Sammy, lango la shamba halina kufuli. Leta ng'ombe ukitaka." Alisimama, akajifunga leso kiunoni. "Msamaha siombi."