Mtu Asiyekataa Mtoto

Mume wangu, Eligio Ovelar, hakuwahi kukataa mtoto. Nasema hivyo si kwa kumsifu, maana sifa alipewa za kutosha na watu wengine. Alipokuwa wakili hapa San Isidoro, ofisi yake ilikuwa chumba chetu cha mbele, na meza ilisimama kwa msaada wa tofali. Wakulima walimletea kesi za ng'ombe na mipaka, na kesi ikiisha humletea mtoto amsimamie ubatizo. Alimshika kila mmoja pale kanisani. Ukimsimamia mtu mwanawe kwenye maji ya ubatizo, wewe na yeye mmekuwa makompadre, na makompadre hawageukani. Paraguay nzima hata mlevi wa kilabuni analijua hilo.

Ubunge aliupata hivyo hivyo. Wenzake walibandika picha ukutani, yeye alipita sokoni tu, watoto wakamkimbilia wameunganisha viganja: "Baraka, baba." Naye akawachorea msalaba hewani. Mimi nilimfuata nyuma na kikapu cha mihogo, nikijiuliza kama nimeolewa na mgombea au na padri.

Mtoto wake wa kwanza wa ubatizo alikuwa Derlis, mwana wa Ña Eustacia, yaani Bi Eustacia, wa kijiji cha Guavirami. Watu wa Guavirami walilima ardhi yao tangu enzi za babu zao bila hati yoyote, na kesi yao ndiyo iliyompa Eligio jina. Alimshinda mahakamani Don Crispiniano Zárate, mwenye mashamba ya soya yasiyo na mwisho. Don Crispiniano alimpa mkono mbele ya hakimu huku akitabasamu. Tabasamu lile sikulipenda hata kidogo.

Miaka ilipita, ukaja mswada bungeni: mwenye hati ndiye mwenye ardhi, asiye nayo aondoke. Wabunge waligawanyika nusu kwa nusu, na kura ya mume wangu ndiyo pekee iliyotosha kuuzuia. Wiki ile Don Crispiniano alikuja kwetu kwa miguu, kofia mkononi. Mtu ambaye hashuki farasi hata kumsalimu askofu. Nyuma yake alikuwa binti yake, amebeba kichanga.

"Ña Nimia, tereré ipo? Au nyumba za wabunge siku hizi hazina maji baridi?"

Nilimtilia maji ya barafu juu ya majani makavu ya tereré, akafyonza kwa mrija taratibu, akanirudishia kikombe.

"Wakili," akamwambia mume wangu, "tumegombana vya kutosha. Mimi nimezeeka. Huyu mjukuu wangu hajabatizwa, nataka umshike wewe."

"Don Crispiniano, watu watasemaje?"

"Watasema Eligio Ovelar hakatai mtoto. Si ndiyo sifa yako? Au wa Guavirami ndio wenye roho, na huyu wangu ni ndama?"

Binti hakungoja jibu. Alimlaza mtoto mapajani mwa mume wangu, na mtoto akamshika kidole. Ilikuwa Januari, joto la kuyeyusha mishumaa. Kwetu, ukimnyima kichanga ubatizo unaita mkosi. Akiugua, wewe ndiye uliyemrushia. Mzee yule alikuja na kamba ambayo Eligio mwenyewe alikuwa ameisuka maisha yake yote.

Walipoondoka nilimwambia, "Umekwisha."

"Nimia, hebu niache."

"Nikuache wapi? Ukiukataa mswada, umemgeuka kompadre mpya. Ukiukubali, umemgeuka Eustacia. Mshika mbili, moja humponyoka, mume wangu."

Alitabasamu kama alivyozoea kutabasamu mahakamani. "Sitashika hata moja. Siku ya kura nitakuwa mgonjwa. Asiyenyoosha mkono hajamgeuka mtu."

"Na mswada?"

Alijifanya anatafuta barafu.

Jumapili alimsimamia ubatizo mjukuu wa Don Crispiniano. Watu wa Guavirami walisimama nyuma kabisa ya kanisa, na chipa, mikate yetu ya jibini, zilipogawiwa hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua. Ña Eustacia alinipita karibu, sketi yake ikagusa yangu, asinitazame.

Siku ya kura Eligio alilala na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, mzima kama fahali. Redio ilisema mswada umepita kwa kura moja. Nilimwonea haya, kisha nikamwogopa, kisha nikaogopa kitakachofuata.

Malori ya polisi yaliingia mjini na kuegeshwa mbele ya kanisa. Askari walinunua chipa kwa adabu, wakawatania wauzaji, kama waliokuja kwenye sikukuu. Asubuhi hiyo Derlis alifika mlangoni kwetu amevaa shati la Jumapili. Nilidhani amekuja kumtukana Eligio, na nisingemzuia. Aliunganisha viganja.

"Baraka, baba."

"Unakwenda wapi, Derlis?"

"Nyumbani. Tutakaa chini mbele ya lango la kijiji, wote, polisi wasipite kututoa. Mama yuko huko tayari."

"Usiende. Nakuomba, mwanangu, kaa hapa kwangu leo."

"Siwezi, baba. Mama kasema nisirudi bila baraka yako. Kasema kura ya wakili tumeikosa, lakini baraka hii hutatunyima, maana wewe hukatai mtoto."

Hakukuwa na dhihaka usoni mwake. Ndilo lililoniumiza zaidi. Eligio aliinua mkono, ukafika usawa wa kifua ukakwama hapo. Kijana alingoja, kichwa ameinamisha. Kule uwanjani malori yalianza kuwashwa, moja baada ya jingine.

"Mbariki," nikamwambia mume wangu. "Umeshamuua. Mbariki."

Akachora msalaba. Derlis alimshukuru, akavaa kofia, akatoka mbio ili ayatangulie malori. Mkono wa Eligio ulibaki juu, na mimi sikumsaidia kuushusha.